Dawa Nilizomficha Daktari

Mlaleo, Kisauni
Jumatano, baada ya alasiri

Mwanangu Rukia,

Umetoka hapa sasa hivi kwenda Kiembeni kumuaga shangazi yako, na mamako kakufuata ili msichelewe kurudi, kana kwamba kuna mtu aliyewahi kutoka kwa Mwanaidi mapema. Nimepata saa mbili za utulivu. Nimeketi kibandani juu ya kochi la mteja ambalo halijavalishwa kitambaa, ubao nimeuweka magotini, na kabla sijafika mbali nikwambie kwamba umenichosha.

Wiki nzima umekuwa ukinipa maagizo. Umebandika karatasi kwenye mlango wa friji: dawa ya sukari asubuhi, dawa ya sukari jioni, maji glasi nane, soda hapana, mahamri mawili si manne. Mamako umempa nakala yake. Hata Kassim mwenzangu hapa kibandani umempa nakala, na jana akaninyang'anya kijiko cha sukari mbele ya wateja, akasema ana maandishi. Wallahi nilitamani kumpiga na nyundo. Anayesafiri ndiye huagizwa, Rukia, na anayebaki ndiye huagiza. Nilikuwa na maneno yangu tayari, ya kufunga mlango na kuchunga simu na kutotembea na watu usiowajua, nikayatazama nikaona hayana kazi. Mtu anayenihesabia mimi glasi za maji hatasahau kufunga mlango. Nimeyaacha yote.

Nimebaki na jambo moja. Nimejaribu kulisema kwa mdomo tangu Ijumaa, na kila nikilianza linageuka ugomvi. Sauti yangu hupanda, wewe hunyamaza, na ukinyamaza mimi huzidi kupanda. Kwa hiyo nimeandika. Barua hii nitaitia mfukoni mwa begi lako kesho asubuhi. Isome basi likishapita Voi. Usiisome kabla, maana sitaki uteremke.

Ni habari ya maradhi yangu ya mwaka juzi. Najua ulikuwapo. Lakini wewe uliyaona ukiwa umesimama kando ya kitanda, mimi niliyaona nikiwa nimelala, na kuna mengi ya upande wangu ambayo sikukwambia kwa sababu yananiaibisha.

Yalianza kama mwezi mmoja hivi baada ya Ramadhani. Adhuhuri moja, jua la kupasua mawe, nikashikwa na kitetemeshi cha homa hapa hapa kibandani hata nyundo ikanitoka mkononi. Kassim akasema hiyo ni malaria. Nikaenda kupima kwenye duka la dawa la njia panda. Kipimo kikasema hakuna malaria. Nikanunua dawa ya malaria. Ndiyo, hivyo hivyo. Nilikuwa nimekwisha kuamua naumwa nini, nikawa natafuta mtu wa kunikubalia.

Homa ilipokataa kuondoka, mwenye duka akanipa vidonge vya rangi mbili, akaniambia nile siku saba bila kukatiza. Siku ya tatu nikajiona mzima, nikavitupia vilivyobaki katika kopo la misumari. Hazikupita siku kumi homa ikarudi. Nikala vile vya kwenye kopo, havikutosha, nikakutuma wewe ukaniletee vingine. Sikukutuma dozi, nilikutuma vidonge vinne. Ukauliza kwa nini vinne, nikakwambia usinisomee sheria. Nikapona. Ikarudi tena. Safari hii nikakwambia umwambie mwenye duka atoe vyenye nguvu, akatoa vile vyeupe vikubwa, nikala siku mbili, nikapona kwa mara ya tatu. Nilijiona mjanja. Watu wanapiga foleni hospitalini tangu alfajiri, na mimi najitibu kwa kopo la misumari.

Maumivu ya ubavu nayo niliyapa jina langu. Yalikuwa upande wa kulia, nyuma, chini ya mbavu, mazito, kama mtu ameniegemeza gogo pale. Nikasema ni mgongo wa kazi. Mtu anayevuta kitambaa na kupiga misumari miaka ishirini na sita lazima aumwe mgongo. Nikaenda kwa mkandaji, akanikanda kwa mafuta ya moto, na alipofika pale mahali niliuma mto nisipige ukelele. Akasema mshipa umejikunja. Nikamlipa, nikarudi nimepinda zaidi kuliko nilivyokwenda.

Suruali zikaanza kunivuka. Nikawa nakunywa maji hayanitoshi, na haja ndogo kila mara. Nikasema ni joto. Mamako alipotaja hospitali nilimwambia foleni ya hospitali ndiyo ugonjwa wenyewe. Shangazi yako Mwanaidi akasema ni husda, kwa sababu nilikuwa nimepata kazi nyingi za Nyali, akaniletea kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwenye sahani. Nikalinywa kwa nia njema, na sina neno nalo. Halikunidhuru. Kilichonidhuru ni vile vidonge vya nusunusu, na aliyevila ni mimi, hakuna jirani wala kijicho.

Kisa cha Nyali mnakijua kwa ufupi, sasa kisikie chote. Tulipeleka seti ya makochi kwa mama mmoja, nyumba ya vigae vyeupe. Kassim kashika upande huu, mimi upande ule, tukafika mlangoni magoti yakanikataa. Nikaliacha kochi likaanguka kwenye ngazi. Nikajikokota, nikakaa juu ya lile lile, kitambaa kipya cha rangi ya maziwa, nikalilowesha jasho mwili mzima. Yule mama akadhani nimelewa. Akaniambia kwa upole kabisa niondoke na mchezo wangu. Kassim akamwapia kwamba huyu mtu ni mswalihina na hajaonja tone maisha yake yote. Yule mama akanisogelea, akaniweka mkono kwenye paji la uso, akasema, "Huyu anaungua. Mpelekeni hospitali, na kochi liacheni."

Na hata hapo sikwenda. Nilirudi nyumbani nikajifunika. Methali ya mficha maradhi kifo humuumbua nimewasomea watu wengi, wengine kwenye matanga ya ndugu zao. Ni wewe na mamako mlionitoa kitandani kesho yake mkanitia kwenye tuktuk, mmoja kila upande, kama mwizi.

Sasa nafika pale.

Daktari aliyetupokea alikuwa msichana wa bara, hazidi miaka thelathini, amechoka, ana kalamu mbili zimechomekwa kwenye nywele. Akasema, "Mzee, hii maumivu ilianza lini?" Na mimi, nina homa ya kukaangia yai, nikamwambia, "Maumivu haya yalianza lini." Unakumbuka? Mamako alinifinya. Daktari akasema asante mzee, akarudia vizuri. Lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kumweka chini. Nilijiambia: huyu hata lugha hajaijua, ataujua mwili wangu?

Akaniuliza mengi. Akanigeuza, akaweka kiganja pale chini ya mbavu, akakigonga kwa ngumi ya mkono wa pili, si kwa nguvu, nikaruka karibu kuanguka kitandani. Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akauliza, "Umekula dawa zozote tangu uanze kuugua? Hata za dukani?"

Nikasema hapana.

Akauliza tena, "Hata kidonge kimoja, mzee? Ni muhimu."

Nikasema, "Sijakula kitu."

Nilisema hivyo kwa sababu niliona haya. Mtu mzima, mwenye ndevu, nianze kumweleza msichana habari za kopo la misumari? Nikadhani ni uongo mdogo, wa kujisitiri. Wewe ulikuwa umesimama karibu na pazia, na sare ya shule, na ulijua, kwa sababu ni mkono wako ulionunua. Ulifungua mdomo. Nami nikakukazia macho. Ukainamisha kichwa.

Nimeufikiri mtazamo ule kuliko nilivyoufikiri ugonjwa wenyewe. Kwa sababu haukuwa wa kwanza, na wa kwanza nadhani umeusahau. Ulikuwa na miaka sita. Mteja alikuja kuchukua kochi lake, akalibonyeza, akasifu sponji mpya. Wewe ulikuwa umekaa chini unacheza na vipande vya kitambaa, ukasema kwa sauti yako nyembamba, "Si mpya, baba ametia ile ya zamani, mpya imo juu tu." Ilikuwa kweli. Nilicheka, nikasema watoto bwana, mteja naye akacheka, akaenda zake. Alipoondoka nilikufinya mkono hata ukabaki na alama. Nikakwambia mtoto mwenye adabu haingilii mazungumzo ya wakubwa. Ukasema abee baba. Tangu siku ile hukuniingilia tena, na watu wakanisifu kwa binti mwenye heshima. Basi pale hospitalini nilivuna nilichopanda. Nilikutazama tu, ukanyamaza, na mimi nikabaki na uongo wangu.

Wakachukua damu na mkojo. Sukari ikaonekana iko juu sana, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nina kisukari, pengine kwa miaka. Wakanipiga picha ya tumbo kwa kile chombo cha baridi chenye mafuta, na daktari akageuza kioo nikione. Juu ya figo la kulia palikuwa na kitu cheusi cha mviringo, ukubwa wa ndimu. Akasema kinaweza kuwa jipu. Jipu kama la mguuni, lenye usaha, ila hili limejichimbia ndani ya figo, na hiyo sukari ndiyo iliyolilisha. Kesho yake wakaniingiza kwenye ile mashine kubwa ya tundu, nao wakaliona pale pale.

Alinieleza kila hatua, simnyimi haki yake. Alisema kuna viini vingi vya maradhi vinavyoweza kuleta jipu namna hii, na kila kiini kina dawa inayokiua na dawa kinayoicheka. Ndiyo maana mkojo na damu vimepelekwa maabara vioteshwe: wanavitia kwenye chakula cha viini, wanangoja siku mbili tatu, kinachoota wanakitambua, kisha wanakijaribu kwa dawa mbalimbali waone ipi inakimaliza. Wakati tunangoja, atanianzishia dawa ya mshipa, ya kukisia, kwa sababu hatuwezi kungoja mikono mitupu. Nikaitikia kama mtu mwerevu.

Na maabara hawakuotesha kitu. Mkojo safi. Damu safi. Kwa nini? Kwa sababu vile vidonge vyangu vya mwisho vilikuwa bado vinatembea mwilini, vimevilemaza viini visiweze kuota kwenye kile chakula, lakini havikuviua ndani ya jipu. Na ile dawa ya mshipa, sikujua, ilikuwa ni ndugu ya vidonge nilivyokuwa nikivila nusunusu wiki tano. Viini vyangu vilikuwa vimeshaizoea familia nzima. Siku ya kwanza homa, siku ya pili homa, siku ya tatu homa na kitetemeshi.

Wewe hukuwapo asubuhi ya siku ya nne. Walikuja madaktari wanne, pamoja na mkubwa wao, mzee wa miwani. Wakasimama miguuni mwangu wakizungumza Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kuulizia vipimo vya kochi, lakini nilielewa ya kutosha. Jipu lisilo na kiini, lisilosikia dawa, pengine si jipu. Pengine ni uvimbe ule mbaya. Pengine ni kifua kikuu cha figo. Yule mkubwa akasema kama haitabadilika watafikiria kufungua, na huenda figo likatoka. Daktari wangu wa bara akaniinamia, akaniuliza tena, kwa Kiswahili alichokipanga neno kwa neno ili nisimsahihishe: "Mzee, nakuomba. Kuna dawa yoyote ulikula kabla ya kuja hapa?"

Rukia, nilikuwa nimeshikilia uongo siku nne. Watu wanne wamenizunguka, wameacha wagonjwa wengine, wanaumiza vichwa kutafuta kitu ambacho mimi nakijua. Ilikuwa ni kusema ndiyo tu. Nikasema hapana. Sikusema kwa haya tena, nilisema kwa kuwa nilikuwa nimeshasema hapana siku ya kwanza, mara mbili. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa tayari kutolewa figo kuliko kuonekana mwongo mbele ya wasichana na vijana wa bara. Hili sijawahi kumwambia mtu, hata mamako.

Alasiri ukaja kutoka shule, na chupa ya uji. Daktari alikuwa kwenye kitanda cha jirani. Hukunipa uji. Uliweka chupa chini, ukaenda moja kwa moja kwake, ukamwamkia, ukasema, "Daktari, baba amekula dawa. Mimi ndiye niliyemnunulia." Ukafungua mkoba wa shule, ukatoa yale maganda matupu ya vidonge, yote, uliyoyachokora kwenye kopo langu la misumari, ukayapanga juu ya shuka miguuni mwangu. Ukamwambia ni lini nilianza na ni vingapi nilikula kila mara, kwa sababu wewe, mtoto niliyekwambia usinisomee sheria, ulikuwa ukiviandika nyuma ya daftari la hesabu.

Mimi nikafanya nini? Nikasema, "Umenivua nguo mbele ya watu." Nikakwambia utoke. Ukatoka.

Daktari hakunikemea. Nilingojea anikemee, ningepata la kujibu. Aliyachukua yale maganda moja moja akayasoma, akaandika, akaenda kupiga simu. Jioni ile ile dawa ya mshipa ikabadilishwa, wakaleta nyingine ya ukoo tofauti kabisa. Kesho yake wakanilaza kifudifudi, wakaniganzisha ngozi, wakanichoma sindano ndefu mgongoni huku wanatazama kwenye kioo, wakavuta usaha. Nilisikia yule aliyeshika bomba akihema. Usaha ule haukuwa mkojo uliosafishwa na vidonge, ulitoka ndani ya jipu lenyewe, na huo maabara waliuotesha ukaota. Wakakijua kiini, wakazijua dawa kinazozicheka, na hizo zilikuwa ndizo nilizokuwa nazila. Na walijua ile mpya inakimaliza. Wakaniachia mrija mwembamba ubavuni siku kadhaa unatiririsha kilichobaki. Homa ilishuka siku ya pili. Ya tatu niliomba chakula. Figo halikutoka.

Nami sikusema nawe siku kumi na moja.

Nizihesabu, maana nadhani wewe umezihesabu. Ulikuwa ukija kila siku, unaniamkia, najibu marahaba nikiutazama ukuta. Chakula nilikipokea kwa mamako. Ulikuwa kwenye mitihani yako ya majaribio, na ulirudi na alama mbaya ya kwanza maishani mwako, na mimi nikajua kwa nini, nikaendelea kutazama ukuta. Mamako alinisihi. Daktari alinikalisha siku ya kuruhusiwa akaniambia, "Mzee, huyo msichana wako ndiye aliyekutibu, sisi tumemalizia tu." Nikasema alhamdulillahi. Sikusema asante. Niliona nimevunjiwa heshima, na heshima ile nilikuwa nimeilea vizuri kuliko nilivyokulea wewe.

Nilitoka na mfuko wa vidonge na amri ya kuvila wiki nne, hata nikijiona mzima, mpaka picha ya mwisho ionyeshe jipu limekwisha. Na utanisamehe, ila binadamu ni kiumbe cha ajabu. Siku ya tisa nyumbani nilijiona mzima. Nilikuwa nakula, natembea hadi msikitini, nimeanza kurudi kibandani. Vidonge vile vilikuwa vinanichafua tumbo. Asubuhi ile nikavipitia mbali. Mchana ukaingia na glasi ya maji na kidonge kwenye kisahani, ukaviweka mbele yangu, ukasimama.

Nikakwambia, "Nimepona."

Ukanitazama usoni, jambo ambalo hukuwa umelifanya tangu ukiwa na miaka sita, ukasema, "Mara tatu ulipona, baba."

Hukupandisha sauti. Hukuondoka wala hukuinamisha kichwa. Nilitafuta hasira yangu nikaikuta imechoka. Nikakimeza. Ukachukua glasi ukaenda kuiosha, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu ya kwanza baada ya siku kumi na moja za hospitali na tisa za nyumbani. Nimekosea hapo juu. Zilikuwa ishirini.

Sasa unakwenda Kakamega kusomea maabara. Nimepiga kelele mwezi mzima kuhusu hili, nikasema kwa nini mbali hivyo, kwa nini si Kwale, kwa nini si ualimu, utapata wapi samaki wa pwani huko. Kelele zile zote hazikuwa na maana. Niliona tu kwamba unakwenda kukaa miongoni mwa watu ambao kazi yao ni kuotesha vitu ambavyo wagonjwa wanavikana, na nikajua ni mimi niliyekufikisha huko, na sikujua kama hiyo ni sifa au lawama. Bado sijui.

Sikuachi na agizo. Nakuachia tu kwamba ule mfinyo wa kibandani nilikosea, na ule mtazamo wa kwenye pazia nilikosea, na lile neno la kukwambia utoke ndilo nililokosea zaidi. Walimu watakukazia macho. Madaktari wakubwa wa miwani watakukazia macho. Mume, inshallah, siku moja atakukazia macho. Mimi nimekwisha kukuambia jicho la kwanza lilikuwa la mwongo. Hayo mengine utayapima mwenyewe.

Nina la mwisho, na hili ndilo lililonifanya niseme usome ukishapita Voi.

Siku ya Jumatatu nilipata kitetemeshi. Kidogo, cha robo saa, hapa kibandani. Uliniuliza jioni mbona nimenyamaza, nikasema nimechoka. Ukaniuliza tena jana kama niko salama, nikakwambia niko salama, usinihesabie pumzi. Hilo lilikuwa uongo, na nalirudisha. Jana ile ile asubuhi, ulipokuwa unanunua blanketi sokoni, nilikwenda hospitali peke yangu. Nilipiga foleni tangu saa moja. Nilimweleza daktari kila kitu: jipu, kisukari, dawa zote kwa majina yake, na kwamba kwenye ile harusi ya Kiembeni nililala siku mbili bila dawa ya sukari na nilikula halua, na si kidogo. Nilisema sijameza kidonge chochote cha dukani, na mara hii ilikuwa kweli. Kassim alinipa viwili vyeupe, nikamrudishia. Wakapiga picha, figo ni safi, pana kovu tu. Sukari imepanda. Mkojo wamechukua wauoteshe kabla ya kunipa dawa yoyote, na majibu ni Ijumaa.

Usiteremke. Usimwambie dereva asimamishe. Ukirudi nitakufukuza, na utakuwa umepoteza nafasi kwa ajili ya mtu aliyekula halua. Mamako nimemwambia leo mchana, amenitukana vya kutosha, hivyo hilo nalo limefanyika.

Ijumaa baada ya swala nitakwenda kuchukua majibu na nitakupigia mwenyewe, nikusomee yaliyoandikwa, herufi kwa herufi, na wewe utaniambia maana yake, hata kama hawajaanza kukufundisha. Ikifika alasiri sijapiga, nipigie wewe. Mamako akikwambia nimelala, usikubali. Mwambie aniamshe.

Nasikia sauti zenu njiani. Shangazi yako amekupa jagi zima la maji limejaa achari, naliona kutoka hapa. Sijui utalibebaje.

Mungu akufikishe salama, mama.

Babako